Siku ya Joto Mwezi wa Novemba: Somo la Hewa, Mlima na Bahari

Siku ya Jumapili, tarehe 1 Novemba 2015, kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa cha Trawsgoed, magharibi ya Wales, kilionyesha nyuzi 22.4 za Sentigredi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataiona namba hiyo kuwa ni ya alfajiri yenye ubaridi. Lakini kwa Uingereza hiyo ilikuwa ni halijoto ya juu kupita zote zilizowahi kupimwa nchini humo katika mwezi wa Novemba. Rekodi iliyovunjwa siku hiyo ilikuwa imedumu miaka 69: ilikuwa ni nyuzi 21.7, iliyopimwa tarehe 4 Novemba 1946 huko Prestatyn, mji wa pwani ya kaskazini ya Wales.

Trawsgoed iko katika bonde la mto Ystwyth, kiasi cha kilomita 12 kutoka Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ambao jina lake kwa lugha ya wenyeji lina maana ya mahali mto Ystwyth unapoingia baharini. Mji huo umeelekea Ghuba ya Cardigan upande wa magharibi na umeegemea Milima ya Cambria upande wa mashariki. Kwa desturi, halijoto ya juu ya mchana katika sehemu hizo mwezi wa Novemba ni nyuzi 10 au 11 hivi, upepo wa bahari ni mkali, na mvua haiko mbali. Basi nyuzi 22.4 ni kiasi cha mara mbili ya namba iliyozoeleka.

Makala haya yanauliza swali moja: joto hilo lilitoka wapi? Swali ni fupi, lakini majibu yanayotolewa kwa haraka huwa na makosa. Mmoja husema, "Jua lilikuwa kali." Mwingine husema, "Ni dunia inayopata joto, basi." Na wa tatu hasemi neno, bali huvua nguo akaingia baharini, akidhani kwamba hewa ikiwa na joto basi na maji yana joto. Kosa la kwanza hupoteza maksi katika mtihani. Kosa la tatu laweza kupoteza maisha. Tutayachunguza yote kwa utaratibu, tukitumia fizikia na jiografia ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Neno "vuli" na majira ya huko

Kwanza tuondoe utata wa lugha. Katika kamusi na vitabu vya shule, majira yaliyo kati ya kiangazi na kipupwe huko Ulaya hutajwa kwa jina la "vuli". Kwetu Afrika Mashariki, vuli ni mvua fupi za kati ya mwezi wa Oktoba na Desemba. Miezi ni karibu ile ile, lakini mambo ni mbalimbali kabisa. Vuli yetu huletwa na ukanda wa mvua unaolifuata jua kuelekea kusini. Vuli ya Ulaya ni wakati jua linapoipa kisogo nusu ya kaskazini ya dunia: siku hufupika, majani hugeuka rangi na kupukutika, na nchi hupoa wiki hadi wiki. Katika makala haya tutasema "majira ya kupukutika majani" ili pasiwe na mkanganyiko.

Siku za joto zinazojitokeza ghafla katika majira hayo si jambo geni. Watu wa Wales wana jina lake katika lugha yao: Haf Bach Mihangel, yaani kiangazi kidogo cha Mikaeli, kwa sababu sikukuu ya Malaika Mikaeli huwa tarehe 29 Septemba. Lakini siku tunayoizungumzia ilikuja zaidi ya mwezi mmoja baada ya sikukuu hiyo.

Hoja ya kwanza: Je, ni jua?

Tupime nguvu ya jua kwa hesabu. Aberystwyth iko karibu na latitudo 52.4 kaskazini. Tarehe 1 Novemba jua la utosini huwa kwenye latitudo 14.4 hivi kusini mwa Ikweta. Kimo cha jua saa sita mchana, tukikipima kwa pembe kutoka upeo wa macho, ni:

90 – (52.4 + 14.4) = nyuzi 23.2 za pembe.

Dar es Salaam iko karibu na latitudo 6.8 kusini. Siku hiyo hiyo, kimo cha jua ni:

90 – (14.4 – 6.8) = nyuzi 82.4 za pembe.

Nishati inayopokewa na ardhi tambarare hutegemea saini ya pembe hiyo. Saini ya nyuzi 82.4 ni 0.99, na saini ya nyuzi 23.2 ni 0.39. Kwa hiyo, hata kama mbingu ni safi kote kuwili, kila mita ya mraba ya ardhi ya Aberystwyth hupata saa sita mchana kiasi cha asilimia 40 tu ya nishati inayopata mita ya mraba ya Dar es Salaam. Tena mchana wa huko tarehe hiyo ni wa saa 9 na nusu hivi, wakati wetu unazidi kidogo saa 12. Usiku mrefu hupoteza joto kwa muda mrefu kuliko mchana unavyolikusanya.

Tunapata hitimisho la kwanza. Jua lilisaidia, maana pasipo jua kali la mchana kipimajoto kisingefika kilipofika. Lakini jua la tarehe hiyo ni lile lile kila mwaka, na kila mwaka halileti nyuzi 22. Kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa ndicho sababu ya badiliko.

Hoja ya pili: Upepo ulitoka wapi?

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa kwamba joto husafiri kwa upepo. Kaskazi inapovuma twatokwa na jasho. Kusi inapoingia twatafuta shuka. Huko Ulaya pia, joto la siku moja hutegemea sana mahali ilikotoka hewa ya siku hiyo. Kwa kawaida hewa ya Wales hutoka magharibi, juu ya Bahari ya Atlantiki, nayo huja na unyevu na ubaridi wa wastani.

Siku ile mambo yalikuwa vingine. Eneo la kanieneo kubwa ya hewa, ambalo watangazaji wa redio huliita mgandamizo mkubwa, lilikuwa juu ya bara la Ulaya, mashariki ya Uingereza. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, hewa hulizunguka eneo la namna hiyo kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Mwanafunzi na achore duara ubaoni, atie mishale kuizunguka kwa mwendo huo, kisha atazame upande wa kushoto wa duara: mishale yaelekea juu, yaani inatoka kusini kwenda kaskazini. Basi Wales, iliyo upande wa magharibi wa eneo hilo, ilipata hewa iliyotoka kusini, iliyo na joto kuliko hewa ya kawaida ya Novemba.

Lakini hoja hii nayo haitoshi. Siku hizo hizo, tarehe 1 na 2 Novemba, sehemu kubwa ya Uingereza ya mashariki na kusini ilifunikwa na ukungu mzito, hata viwanja vya ndege vya London vikalazimika kufuta baadhi ya safari. Chini ya ukungu huo watu walivaa makoti. Iweje upepo wa kusini ulete ubaridi na giza upande mmoja wa nchi, na rekodi ya joto upande wa pili? Baina ya pande hizo mbili pana kitu ambacho hatujakihesabu, nacho ni mlima.

Hoja ya tatu: Kazi ya mlima

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara kadhaa. Utahisi joto kwenye ncha ya pampu. Hakuna moto uliowashwa. Ni hewa iliyobanwa. Kazi uliyoifanya kwa mkono wako imegeuka kuwa nishati ya chembechembe za hewa. Sasa fungua vali ya tairi lililojaa: hewa itokayo ina ubaridi, kwa kuwa inatanuka na kutumia nishati yake yenyewe.

Angahewa hufanya vivyo hivyo. Hewa inayopanda mlima huingia mahali penye kanieneo ndogo, hutanuka, nayo hupoa. Hewa inayoteremka mlima hubanwa, nayo hupata joto. Ikiwa hewa haijashiba mvuke, badiliko hilo ni kiasi cha nyuzi 1 ya Sentigredi kwa kila mita 100. Hii ni kanuni muhimu, na mwanafunzi aishike vizuri.

Hewa iliyoshiba mvuke ina tabia nyingine. Inapopanda na kupoa, sehemu ya mvuke wake hugeuka matone ya maji, ndiyo mawingu tunayoyaona. Mvuke unapogeuka maji hutoa lile joto fiche ulilolimeza ulipokuwa ukitoka katika hali ya maji. Joto hilo hupunguza kasi ya kupoa, hata hewa ikapoteza nyuzi 0.6 hivi tu kwa kila mita 100.

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme hewa yenye nyuzi 14 inaanza kupanda kutoka usawa wa bahari upande wa upepo wa mlima wenye kimo cha mita 700.

Mita 200 za kwanza haijashiba: inapoteza nyuzi 2, inabaki na 12.

Mita 500 zinazofuata imeshiba, na mawingu yanatoa mvua: inapoteza nyuzi 3, inabaki na 9.

Kisha inaushuka mlima upande wa pili. Maji yake yamebaki nyuma kwa sura ya mvua, kwa hiyo inateremka ikiwa kavu mita zote 700: inapata nyuzi 7, inafika chini na nyuzi 16.

Hewa ile ile imeanza na nyuzi 14 na kumaliza na nyuzi 16. Upepo wa namna hii, wenye joto na ukavu, unaoteremka upande wa kisogo cha mlima, uliwashangaza tangu zamani watu wanaoishi kwenye mabonde ya milima ya Alps, nao wakauita Föhn. Jina hilo sasa limeenea katika vitabu vya jiografia duniani kote.

Upande wa pili wa jambo hili, yaani ukame, tunaufahamu kwa macho. Amani, katika Usambara ya Mashariki, iliyoelekea pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua ya karibu milimita 2000 kwa mwaka. Vuka milima, ufike kwenye nyanda za Mkomazi na Same: huko mvua haifiki nusu ya hiyo. Mvua imebaki mlimani.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Hesabu yetu imetupa faida ya nyuzi 2 tu, nasi tunatafuta zaidi ya 10. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na kumwachia mwanafunzi picha isiyokamilika. Ipo njia ya pili ambayo mlima huleta joto, na siku kama ile ya 2015 njia hiyo huwa na uzito mkubwa.

Wakati wa kanieneo kubwa, hewa ya juu hushuka polepole juu ya eneo zima na kupata joto, huku hewa iliyo karibu na ardhi ikipoa kwa sababu ya usiku mrefu. Matokeo yake ni kwamba chini kuna ubaridi na juu kuna joto, kinyume cha desturi. Hewa ya baridi ni nzito. Hukaa chini kama maji katika beseni, na unyevu wake hugeuka ukungu. Ndivyo ilivyokuwa kwenye tambarare za mashariki. Lakini hewa hii nzito inapokutana na mlima, hushindwa kuupanda, hukwama upande wa upepo. Inayovuka ni ile ya juu, yenye joto, nayo ikishavuka huteremka bondeni na kubanwa.

Tujaribu kuhesabu kwa kurudi nyuma. Trawsgoed iko kiasi cha mita 60 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoshuka kutoka mita 800 hadi mita 60 imeshuka mita 740, nayo hupata nyuzi 7.4. Kwa hiyo, ili ifike na nyuzi 22.4, ingetosha kuwa na nyuzi 15 ilipokuwa mita 800. Kwa kuwa jua la mchana nalo huongeza chake juu ya ardhi, hata pungufu ya 15 ingetosha. Hewa ya namna hiyo katika kimo hicho, mwezi wa Novemba, si ya kawaida. Ilibidi itoke kusini. Tazama basi jinsi sababu zinavyoshikana: upepo wa kusini ulileta hewa yenye joto, mlima ukaichagua ile ya juu na kuiteremsha, kuteremka kukaikausha na kuyeyusha mawingu, na mbingu ilipotakata jua likapata nafasi ya kutia nguvu zake chache. Ukiondoa kiungo kimoja, rekodi haivunjiki.

Ushahidi mwingine tunaupata tukitazama orodha ya rekodi zenyewe. Prestatyn ya mwaka 1946 iko pwani, kaskazini ya milima ya Wales, nayo hupata joto upepo unapotoka kusini. Aber, pwani ya Gwynedd, kaskazini ya Wales, ilipata nyuzi 18.3 tarehe 10 Januari 1971, katikati ya kipupwe. Achfary, katika milima ya kaskazini ya Scotland, ilipata nyuzi 18.7 tarehe 28 Desemba 2019. Mahali pote hapo ni pa kisogo cha mlima. London, iliyo mbali kusini, haimo katika rekodi hizo za Novemba, Januari na Desemba. Jua lingekuwa ndilo lenye neno la mwisho, tungeikuta London mbele.

Bahari haisomi kipimajoto cha nchi kavu

Sasa twende ufukweni, maana hapo ndipo somo linapogusa maisha.

Maji ya Ghuba ya Cardigan mwanzoni mwa Novemba huwa na nyuzi 12 au 13 hivi. Siku moja ya joto haiwezi kuyabadilisha, na sababu yake ni rahisi kuhesabu. Kuongeza nyuzi 1 katika mita moja ya ujazo ya maji huhitaji kiasi cha kilojuli 4,200. Kuongeza nyuzi 1 katika mita moja ya ujazo ya hewa huhitaji kilojuli 1.2 hivi. Yaani joto linalotosha mita moja ya ujazo ya maji lingetosha mita 3,500 za ujazo za hewa. Darasa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3 lina mita 240 za ujazo. Kwa hiyo joto la mita moja tu ya ujazo ya bahari lingepandisha kwa nyuzi moja hewa ya madarasa zaidi ya 14.

Ndiyo maana bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Siku ile ya Novemba, baina ya hewa na maji palikuwa na tofauti ya nyuzi 9 au 10. Ngozi ya mtu aliyeota jua mchangani haitambui tofauti hiyo mpaka aingie majini.

Mtu akiingia ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili hupata mshtuko wa baridi. Huvuta pumzi kwa nguvu bila ya kutaka, kisha hupumua haraka haraka, na moyo hupiga mbio. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, maji huingia mapafuni. Mshtuko huu hudumu dakika moja hadi tatu, nao huwapata hata waogeleaji hodari, maana haupimi ustadi wa mtu. Baadaye misuli ya mikono na miguu hulegea, kwa kuwa maji hunyang'anya mwili joto kiasi cha mara 25 kuliko hewa yenye halijoto ile ile. Chama cha waokoaji wa baharini cha Uingereza, Royal National Lifeboat Institution, kilichoanzishwa mwaka 1824, huwafundisha watu jambo moja rahisi: ukishikwa na mshtuko, usipigane na maji. Lala chali, inua kidevu, elea, ngoja pumzi irudi. Kisha ndipo uogelee au uite msaada.

Hatari ya pili iko katika upepo wenyewe. Upepo ulioleta joto huteremka kutoka milimani, hivyo huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ukiwa ufukweni unaona bahari shwari, maana mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Lakini mpira, boya au mtumbwi wa plastiki husukumwa nje, na anayeufuata huenda nao.

Kwa nini jambo hili liwahusu wasomaji wa gazeti hili? Kwa sababu kila mwaka vijana wetu huenda kusoma katika nchi za baridi, na miongoni mwao wamo waliokulia Tanga, Lamu, Unguja na Lindi, ambao bahari ni uwanja wao wa michezo. Bahari yetu ina nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima, nayo imetufundisha kwamba siku ya jua ni siku ya kuogelea. Mazoea hayo ni mazuri kwetu, na ni mshauri mbaya kwingineko. Mwalimu akimwambia mwanafunzi wake habari ya kilojuli 4,200, amwambie na habari hii.

Je, ni dalili ya mabadiliko ya tabia ya nchi?

Sasa turudi kwa yule aliyesema, "Ni dunia inayopata joto, basi." Hakukosea kwamba dunia inapata joto. Kwa mujibu wa Jopo la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabia ya Nchi, wastani wa halijoto ya uso wa dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 ulizidi ule wa 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 hivi, na ongezeko hilo linatokana na kazi za binadamu, hasa gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo katika makaa, mafuta na ukataji wa misitu. Alikosea katika lile neno "basi".

Hali ya hewa ni mambo ya leo. Tabia ya nchi ni mazoea ya miaka mingi. Mvuvi hapimi maji kujaa kwa kutazama wimbi moja. Wimbi moja laweza kufika juu wakati maji yanakupwa. Yeye hutazama kigingi, na akiona kwamba mawimbi mengi, moja baada ya jingine, yanalowesha alama iliyokuwa kavu, ndipo anapovuta mtumbwi wake juu. Siku ya Trawsgoed ni wimbi. Ongezeko la joto la dunia ni maji kujaa. Wimbi lilitengenezwa na upepo na mlima, lakini lilipanda juu ya maji yaliyokwisha kuinuka.

Hivyo hatuwezi kutoa nyuzi 1.1 kutoka katika 22.4, kama mtu anayetoa chenji dukani, tukadai kwamba huo ndio mchango wa binadamu katika siku ile. Pia hatuwezi kusema kwamba, kwa kuwa mwaka 1946 nao ulikuwa na siku ya nyuzi 21.7, basi hakuna kilichobadilika. Swali la kisayansi ni jingine: rekodi zinavunjwa mara ngapi?

Kwa swali hili hisabati ina jibu zuri. Kama tabia ya nchi haibadiliki, uwezekano wa mwaka wa pili kuvunja rekodi ya mwaka wa kwanza ni nusu. Wa mwaka wa tatu ni theluthi. Wa mwaka wa kumi ni moja ya kumi. Wa mwaka wa mia ni moja ya mia. Tukijumlisha 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea, tunapata kwamba katika miaka 10 tutarajie rekodi 2.9, na katika miaka 100 rekodi 5.2 tu. Rekodi lazima ziwe adimu kadiri muda unavyopita, nazo za joto na za baridi zilingane. Lakini vipimo vya sehemu nyingi za dunia vinaonyesha kwamba rekodi za joto zimekuwa zikivunjwa mara nyingi zaidi kuliko za baridi. Huo ndio ushahidi, nao hautokani na siku moja.

Kazi za darasani

1. Andika namba 1 hadi 10 katika vipande kumi vya karatasi, uvichanganye, uvichomoe kimoja kimoja. Hesabu ni mara ngapi namba mpya imezidi zote zilizotangulia (ya kwanza ihesabiwe). Rudieni mara 20 darasani mpate wastani. Je, unakaribia 2.9? Kisha, kabla ya kutafuta rekodi, ongeza 1 kwenye namba ya pili iliyochomolewa, 2 kwenye ya tatu, na kuendelea. Nini kimetokea?

2. Tundika vipimajoto viwili: kimoja juani, kingine kivulini ndani ya kibanda cha mbao chenye kupitisha hewa, kiasi cha mita moja na robo juu ya ardhi. Vilinganishe saa nane mchana. Kwa nini vituo vya hali ya hewa hutumia cha kivulini?

3. Hewa yenye nyuzi 24 inapanda mlima wa mita 1,500. Mita 500 za kwanza haijashiba mvuke. Zilizobaki imeshiba na kutoa mvua. Itakuwa na nyuzi ngapi itakapofika upande wa pili kwenye usawa ule ule ilikoanzia? (Jibu: nyuzi 28.)

4. Katika nusu ya kusini ya dunia, hewa hulizunguka eneo la kanieneo kubwa kinyume cha mishale ya saa. Chora mchoro, ueleze ni upande gani wa eneo hilo utakaopata hewa kutoka kaskazini.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea habari ya siku ya ajabu, iwe ya joto, ya mvua au ya upepo, usimpe jibu moja. Mwulize: jua lilikuwa na sehemu gani? Upepo ulitoka wapi? Nchi ina umbo gani? Bahari ilikuwa na nyuzi ngapi? Na baada ya hayo yote, mwulize ni siku ngapi za namna hiyo zimekuja katika miaka 30 iliyopita. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa na kipimajoto, wala na bahari inayong'aa chini ya jua la Novemba.